Kitambulisho cha ruta: dalili za hitilafu, vyanzo vyake na namna ya kukiweka

Ruta mbili zikijitambulisha kwa namba moja, itifaki za uelekezaji (kanuni ambazo ruta hutumia kupashana njia za data) haziwezi kuzitofautisha, na hitilafu inayozaliwa hapo mara chache hujitaja kwa jina lake. Mhandisi huona njia zinazotoweka na kurudi, kipindi cha BGP (mazungumzo ya ruta mbili ya kubadilishana njia) kinachokataa kuinuka, au ruta ambayo kichakataji chake kinafanya kazi kupita kiasi usiku kucha, naye huanza kukagua kebo, kisha swichi, kisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), ilhali chanzo ni mstari mmoja wa usanidi ambao hakuna aliyeuandika. Mwongozo huu unafuata dalili hizo moja baada ya nyingine hadi kwenye chanzo, kisha unaeleza namna ya kukiweka kitambulisho ili hitilafu isirudi. Msimamo wake ni huu: kitambulisho kiandikwe kwa mkono katika kila ruta na kisiachiwe programu ikichague.

Kitambulisho cha ruta ni namba ya biti 32. Kwa kawaida huandikwa kwa sura ya anwani ya IPv4, kama 10.255.0.7, lakini si lazima kiwe anwani iliyopo wala inayofikika. Katika OSPF, itifaki ya uelekezaji wa ndani ya mtandao, kwa mujibu wa RFC 2328 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) ya mwaka 1998, namba hiyo haipaswi kurudiwa na ruta nyingine yoyote ndani ya mfumo huru mzima (AS, yaani mtandao ulio chini ya usimamizi mmoja). OSPFv3, iliyoelezwa katika RFC 5340 ya 2008, iliendelea na biti hizo hizo 32 hata pale mtandao unapotumia IPv6 peke yake. BGP nayo ilianza kwa kudai kwamba kitambulisho kiwe mojawapo ya anwani za ruta yenyewe, kama RFC 4271 ya 2006 inavyosema, hadi RFC 6286 ya 2011 ilipolegeza sharti hilo: inatosha namba isiwe sifuri na isirudiwe ndani ya AS moja. Kwa hiyo wanachama wawili wa kituo cha kubadilishana trafiki, kama vile KIXP ya Nairobi, wakiwa na kitambulisho kimoja huku kila mmoja akiwa na AS yake, hilo peke yake si kosa tena.

Anza kwa kusoma kitambulisho kinachotumika

Usikisome kwenye faili la usanidi. Kilichoandikwa humo na kile ambacho mchakato unakitumia sasa vinaweza kuwa vitu viwili tofauti, kwa kuwa programu nyingi hukichagua mchakato unapoanza na kukishikilia hata usanidi ukibadilishwa baadaye. Uulize mchakato wenyewe (Cisco IOS ni mfumo wa ruta za Cisco; FRR na BIRD ni programu huria za uelekezaji):

`show ip ospf` (Cisco IOS na FRR)
`show ip bgp summary` (Cisco IOS na FRR)
`birdc show status` (BIRD)

Kusanya majibu ya ruta zote kwenye orodha moja, uipange kwa namba, kisha utafute namba inayojirudia. Kazi hii ni ya dakika chache, nayo humaliza karibu nusu ya matatizo yanayoelezwa hapa chini kabla hujayagusa.

Ukikuta namba usiyoitambua, ujue imechaguliwa na programu, na kila programu ina kanuni yake. Cisco IOS huchukua anwani kubwa kuliko zote miongoni mwa violesura (milango ya mtandao) vya lupubeki, yaani vile vya kiprogramu visivyo na kebo, vilivyo hai. Ikikosa lupubeki, huchukua anwani kubwa kuliko zote miongoni mwa violesura vingine vilivyo hai. FRR nayo huelekea kwenye anwani kubwa. BIRD hufanya kinyume: huchukua anwani ya IPv4 iliyo ndogo kuliko zote kwenye kiolesura kisicho cha lupubeki. Seva mbili zenye anwani zile zile, moja ikiwa na FRR na nyingine BIRD, zinaweza kujipa vitambulisho visivyofanana hata kidogo.

Dalili: njia za OSPF zinayumba, na hesabu ya njia fupi haipumziki

Hii ndiyo dalili inayopoteza muda mwingi kuliko zote, na inafaa kuichunguza kwa ukaribu. Ruta mbili zisizopakana, zilizo katika eneo moja la OSPF (sehemu ya mtandao inayotumia ramani moja ya viungo), zina kitambulisho kimoja. Ruta A inatoa tangazo la LSA linaloeleza viungo vyake, na tangazo hilo linasambaa hadi kumfikia B. Ruta B inaliona tangazo lenye jina lake yenyewe, lakini lenye viungo isivyovijua, na namba ya mfuatano iliyo mbele ya ile iliyotoa mwisho. Kwa kufuata kanuni, B inaamini kwamba hayo ni masalia ya tangazo lake la zamani, hivyo inatoa jipya lenye namba kubwa zaidi. Hilo nalo likimfikia A, A hufanya vivyo hivyo. Hakuna anayeshinda, na ruta nyingine zote za eneo hilo hulazimika kukokotoa upya njia fupi kila tangazo linapobadilika.

Ushahidi uko kwenye namba ya mfuatano. Tazama tangazo la ruta unayoishuku:

`show ip ospf database router 10.1.1.1`

Katika mtandao mtulivu, ruta huburudisha tangazo lake kila baada ya dakika 30, hivyo namba hiyo hupanda kwa moja tu katika muda huo, na umri wa tangazo huonekana ukikua hadi karibu sekunde 1800. Ukitazama mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, ukakuta namba imetoka 0x80000A41 hadi 0x80000A4C, na umri kila mara ni sekunde mbili au tatu, basi kuna ruta mbili zinazoandika juu ya jina moja. Tazama pia viungo vilivyomo ndani ya tangazo: safari moja utaona viungo vya kituo kimoja, safari nyingine utaona vya kingine. Hapo umeshawajua wote wawili. Cisco IOS huandika kwenye kumbukumbu zake ujumbe wenye `OSPF-4-FLOOD_WAR` au `OSPF-4-DUP_RTRID`, ila si kila kifaa kina ukarimu huo.

Ruta hizo zikiwa katika maeneo tofauti, matangazo ya viungo hayakutani, na mtandao unaweza kukaa miezi mingi bila kelele. Tatizo huibuka siku mojawapo inapoanza kuingiza njia za nje, kwa sababu matangazo ya aina ya 5, yanayobeba njia hizo, huvuka mipaka ya maeneo. Ile nyingine hulipokea tangazo la mwenzake, huliona ni lake lakini hailitambui, na hulifuta kwa kulipandisha hadi umri wa juu wa sekunde 3600. Mwenye tangazo halisi hulitoa tena. Mtumiaji wa kawaida huona tovuti fulani inafunguka, inakatika, inafunguka.

Chanzo cha marudio haya mara nyingi ni kimojawapo cha mambo manne. La kwanza ni usanidi ulionakiliwa kutoka ruta moja kwenda nyingine pamoja na mstari wa kitambulisho, au mashine pepe iliyotolewa nakala nzima. La pili ni anwani za kiwandani: ruta nyingi ndogo za MikroTik hutoka sandukuni na anwani 192.168.88.1, na mtoa huduma asiyeifuta anwani hiyo anazigawa kwenye minara yake ruta ambazo zote zina anwani moja inayoweza kuteuliwa kuwa kitambulisho. La tatu ni madaraja ya mtandao yanayojengwa na programu za Linux bila kumuuliza mtu: libvirt hutengeneza `virbr0` yenye 192.168.122.1, na Docker hutengeneza `docker0` yenye 172.17.0.1. Seva kumi za FRR zenye anwani halisi za 10.x na zisizo na anwani ya lupubeki zinaweza kuteua 192.168.122.1 zote kumi, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zilizobaki. La nne ni anwani inayorudiwa kwa makusudi, kama ile ya huduma ya DNS iliyowekwa kwenye lupubeki ya ruta kadhaa ili kila mteja ahudumiwe na iliyo karibu naye. Mpango huo hauna ubaya wowote, ila anwani hiyo ikiwa kubwa kuliko lupubeki nyingine, IOS itaiteua.

Dalili: majirani wa OSPF hawaunganiki kabisa

Ruta zinazopakana moja kwa moja zikiwa na kitambulisho kimoja, hazifiki hata kwenye vita vya matangazo. Nyingi hutupa salamu ya mwenzake (ujumbe wa Hello wa kujitambulisha) mara moja, na jirani haonekani kwenye orodha. Kumbukumbu za IOS huonyesha `OSPF-4-DUP_RTRID_NBR` pamoja na anwani na kiolesura salamu ilikotoka. Katika programu nyingine ujirani unaweza kukwama kwenye hatua ya ExStart, kwa sababu hatua hiyo huamua nani atangulie kwa kulinganisha vitambulisho, na namba zinazolingana hazina mkubwa. Wengi wakiona ExStart hukimbilia MTU, nao wana haki, kwani MTU isiyolingana ndiyo sababu ya kawaida zaidi. Linganisha kwanza vitambulisho, kwa kuwa ni hatua fupi, ndipo uende kwenye MTU.

Dalili: mtandao ulikuwa mzima, umeme ukakatika, uliporudi mambo yakaharibika

Kitambulisho kilichochaguliwa na programu hukaa vile vile mchakato unapoendelea. Ruta ikizimika na kuwaka, uteuzi hufanywa upya kwa kuangalia violesura vilivyo hai dakika ile. Kama kwa miezi sita umeongeza VLAN (mtandao pepe), handaki au kiungo kipya chenye anwani kubwa zaidi, ruta itaamka na jina jipya. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara na betri za mnara hazidumu, hali hii si ya nadra, na inachosha kwa sababu hakuna mtu aliyebadilisha chochote siku hiyo; badiliko lililoleta madhara lilifanywa zamani na limesahaulika.

Athari ya wazi zaidi ni kiungo pepe cha OSPF. Usanidi wake humtaja jirani kwa kitambulisho chake, mfano `area 1 virtual-link 10.255.0.3`, na ruta hiyo ikibadili jina, kiungo hakisimami tena, na eneo lililokuwa likitegemea kiungo hicho hubaki limetengwa. Athari nyingine ni ndogo lakini hushangaza: ruta kiongozi wa sehemu ya mtandao inaweza kuwa nyingine, kwa kuwa vipaumbele vikilingana OSPF humchagua mwenye kitambulisho kikubwa. Katika BGP, njia mbili zikilingana kwa sifa zote za awali, kitambulisho kidogo ndicho huamua, hivyo trafiki inaweza kuhama kutoka kiungo kimoja kwenda kingine bila sera yoyote kuguswa. Ukiona bili ya kiungo cha akiba imepanda baada ya ruta kuwaka upya, chunguza hapa.

Dalili: kipindi cha BGP hakiinuki

Tafuta kwenye kumbukumbu taarifa yenye namba 2/3. Tarakimu ya kwanza ni kosa katika ujumbe wa kufungua kipindi, na ya pili ni kitambulisho kisichokubalika. Kwa majirani wa AS moja, maana yake karibu kila mara ni kwamba pande zote mbili zina namba moja, au upande mmoja umetuma 0.0.0.0. Hali hii ya pili hutokea kwenye FRR pale `bgpd` inapoendeshwa bila `zebra`: haina mahali pa kupata anwani za violesura, hivyo hubaki na sifuri hadi uiandikie kitambulisho. Kwa majirani wa AS tofauti, vifaa vinavyofuata RFC 6286 huruhusu namba zinazolingana, lakini vya zamani huweza kukataa. Ukikutana na jirani wa namna hiyo, ni rahisi kubadilisha namba yako kuliko kumsubiri abadilishe kifaa chake. Hali hiyo hiyo huwapata wanaounganisha VRF mbili (majedwali ya njia yaliyotenganishwa) za ruta moja kwa BGP: zote hurithi kitambulisho cha ruta, kwa hiyo kila VRF ipewe chake.

Dalili: vipindi vyote vya BGP viko juu, lakini njia za ruta moja hazifiki kwa nyingine

Hapa hakuna kipindi kinachokatika wala taarifa ya kosa. Chukua mfano wa mtandao wenye kiakisi cha njia (ruta inayopokea njia za BGP kutoka ruta moja ya AS na kuzipitisha kwa nyingine) Dar es Salaam, na ruta za Dodoma na Mwanza zikiwa wateja wake. Dodoma na Mwanza zina kitambulisho kimoja, lakini hazina kipindi baina yao, hivyo hakuna anayelinganisha namba zao. Kiakisi kinapopokea njia kutoka Dodoma, hubandika juu yake sifa ya ORIGINATOR_ID yenye kitambulisho cha Dodoma, kama RFC 4456 inavyoelekeza. Njia hiyo ikielekezwa Mwanza, mojawapo ya mambo mawili hutokea: ama kiakisi kinaona kwamba namba hiyo ni ya mpokeaji na kuacha kuituma, ama Mwanza inaipokea, inaona jina lake yenyewe, inadhani njia imezunguka na kumrudia, na inaitupa. Matokeo ni kwamba Mwanza inaona njia za nchi nzima isipokuwa za Dodoma, na Dodoma inaona zote isipokuwa za Mwanza, ilhali mhandisi aliyeketi Dar es Salaam anaziona zote na hana cha kulalamikia.

Sura hiyo, ya vituo viwili kutoonana huku kila kimoja kikionana na wengine wote, ndiyo alama ya kutafuta. Washa ufuatiliaji wa masasisho kwa muda mfupi na kwa jirani mmoja tu, uone kama kuna kukataliwa kwa maneno `originator is us`. Usichanganye jambo hili na CLUSTER_LIST (orodha ya makundi ya viakisi ambayo njia imepitia), ambapo viakisi viwili vilivyopewa namba moja ya kundi hukataa njia za kila mmoja. Huo mara nyingi ni uamuzi wa msanifu. Ila kumbuka kwamba namba ya kundi isipowekwa, kitambulisho cha ruta ndicho hutumika, hivyo viakisi vyenye kitambulisho kimoja huanguka pia kwenye shimo hili la pili.

EIGRP, itifaki nyingine ya uelekezaji wa ndani, ina ugonjwa wa ukoo huu huu. Njia za ndani zinaweza kufika vizuri huku zile zilizoingizwa kutoka itifaki nyingine zikikosekana, kwa kuwa njia ya nje hubeba kitambulisho cha aliyeiingiza, na ruta inayokutana na namba yake huitupa. `show ip eigrp topology` huonyesha kitambulisho kwenye mstari wake wa kwanza.

Dalili: mchakato hauanzi

Ujumbe wa `OSPF-4-NORTRID` una maana kwamba hakuna anwani ya IPv4 iliyo hai ya kuteua, au iliyopo imeshachukuliwa na mchakato mwingine wa OSPF ndani ya ruta hiyo. OSPFv3 kwenye ruta ya IPv6 tupu hukutana na jambo hili siku ya kwanza, na BIRD nayo hukataa kuanza ikikosa anwani ya kuchagua. Andika kitambulisho, na tatizo limekwisha.

Namna ya kukiweka

Tenga kipande cha anwani kwa ajili ya lupubeki peke yake, kwa mfano 10.255.0.0/24, uipe kila ruta anwani moja ya /32, na uandike anwani hiyo hiyo kuwa kitambulisho cha OSPF na cha BGP. Lupubeki haitegemei kebo, hivyo haizimiki kiungo kinapokatika, na anwani yake inafikika, jambo linalomwezesha anayesoma tangazo la LSA saa nane za usiku kuinakili namba na kuingia kwenye ruta hiyo moja kwa moja.

`router ospf 1`
` router-id 10.255.0.7`
`router bgp 64512`
` bgp router-id 10.255.0.7`

Wapo wanaopendelea namba isiyo anwani, kama 0.0.12.7 kwa ruta ya 7 ya kituo cha 12. Mpango huo ni halali, na kwa mtandao wa IPv6 tupu ndio unaofaa, mradi jedwali la namba litunzwe. Kwenye mtandao wenye IPv4 bado ningechagua lupubeki, kwa sababu namba inayofikika humsaidia mtu aliye katikati ya hitilafu. Kisichofaa ni kutegemea lupubeki ichaguliwe yenyewe bila kuandika mstari. Siku mtu atakapoongeza lupubeki ya pili kwa kazi nyingine, uteuzi utahama.

Kama usanidi wako unatoka kwenye kiolezo, kitambulisho kisiwe maandishi ya kudumu ndani yake. Kitolewe kwenye rejesta ya vifaa, na rejesta iwe na ukaguzi unaokataa namba iliyorudiwa kabla usanidi haujafika kwenye ruta.

Kukibadilisha kwenye mtandao unaofanya kazi

BGP kwenye IOS huangusha vipindi vyake papo hapo kitambulisho kinapobadilishwa, hivyo fanya kazi hiyo kwenye saa za matengenezo. OSPF haichukui namba mpya hadi mchakato uanzishwe upya, na IOS hukukumbusha utumie `clear ip ospf process`. Asiyefanya hivyo huacha bomu la muda litakalosubiri umeme ukatike. RFC 2328 inataka ruta ifute matangazo yake ya zamani kabla ya kuanza na jina jipya, la sivyo yatabaki kwenye hifadhidata za wengine hadi saa nzima. Kwa sababu hiyo, ukiona jina la zamani dakika kumi baada ya kazi, tazama umri wake: ukiwa unakua bila kurudi nyuma, ni masalia na yatakwisha yenyewe, lakini umri ukirudi sifuri, bado kuna ruta nyingine inayoishi kwa jina hilo. Kisha urekebishe viungo pepe, namba za makundi ya viakisi, na mifumo ya ufuatiliaji iliyokuwa ikimtambua jirani kwa namba ya zamani.